Kutoka utepe hadi pointi: mkimbiaji wa Mbulu na Hanang katika hesabu mpya

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie hesabu. Usizime redio, sizungumzii bajeti ya serikali wala bei ya mafuta ya taa. Nazungumzia hesabu za mbio za miguu, na namna zilivyobadilika kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, hadi mchezo ambao zamani mtoto wa darasa la pili aliweza kuueleza, leo unamtaka mtu awe na kalamu, karatasi na subira. Nazizungumzia kwa sababu zinawagusa sana watu wa pembe moja ya nchi yetu, yaani wilaya za Mbulu na Hanang katika mkoa wa Manyara.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulizaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha. Lakini Mbulu ni jina la zamani, na zamani lilifunika eneo kubwa kuliko la leo. Hanang, Babati na Karatu zote ziliwahi kuwa ndani yake. Ni nchi ya nyanda za juu, yenye baridi ya asubuhi, na kwa upande wa Katesh kuna mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mtoto wa huko huenda shule kwa kupanda na kushuka, na anaporudi hutumwa kufuata ng'ombe. Mapafu yake yanafanya mazoezi kabla hajakutana na mwalimu wa michezo.

Kutoka eneo hilo ametoka John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico. Ametoka Gidamis Shahanga wa Katesh, aliyechukua medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na miaka minne baadaye mjini Brisbane akachukua dhahabu nyingine, safari hii ya mita 10,000. Ametoka Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Na katika siku hizi zetu ametoka Gabriel Geay wa Tlawi, ambaye Desemba 2022 alikimbia marathoni ya Valencia kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na Aprili 2023 akashika nafasi ya pili mjini Boston, mbele ya Eliud Kipchoge mwenyewe.

Majina hayo ni ya kujivunia. Swali langu la leo ni hili: kijana wa leo wa Dongobesh au Basotu, mwenye miguu kama ya Shahanga, anapita mlango gani ili aonekane? Je, ni mlango ule ule aliopita Shahanga? Jibu ni la hasha. Mlango ule umehamishwa, na wengi wetu tungali tunabisha hodi penye ukuta.

Kwanza nikupeleke mbali kidogo, kwenye barafu. Sisi wa nchi za jua barafu tunaiona zaidi kwenye glasi, lakini wenzetu wa Ulaya na Marekani wana mchezo wa kuteleza juu yake kwa viatu vyenye chuma, wakiruka na kuzunguka kwa kufuata muziki. Hakuna utepe wala anayefika kwanza. Kuna waamuzi wanaotazama na kutoa alama. Kwa miaka mingi alama ya juu kabisa ilikuwa 6. Mwaka 2002, katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Salt Lake City, dhahabu ilikwenda kwa wawili wa Urusi, wakati watazamaji wengi waliona wawili wa Kanada wameteleza vizuri zaidi. Zikatoka habari kwamba mwamuzi wa Ufaransa alishinikizwa katika kura yake. Mwisho wa mzozo ule ilitolewa dhahabu ya pili, wakapewa Wakanada.

Baada ya aibu hiyo wakuu wa mchezo walikaa chini, na mwaka 2004 wakaleta utaratibu mwingine. Sasa kila mruko una thamani yake iliyoandikwa kabla. Mwamuzi haulizwi tena nani bora kuliko nani. Anaulizwa mruko huu umefanywa vizuri kiasi gani, kisha mashine inajumlisha. Ile 6 ya zamani, ambayo hata mtazamaji wa mtaani aliielewa, ikazikwa. Wapo wanaosema haki imeongezeka. Wapo wanaosema watelezaji sasa wanafukuzia miruko yenye pointi nyingi na kuusahau uzuri. Nadhani wote wawili wana sehemu ya ukweli. Kipimo kikibadilika, mchezaji naye hubadilika ili akifuate.

Sisi watu wa mbio tulikuwa tukiwacheka wenzetu hao. Tulisema: huko kwenu kuna waamuzi na fitina, kwetu kuna utepe tu, na utepe hauhongwi. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba hesabu zimeingia na kwetu pia, na zimeingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mbio za nyika. Hizi ndizo mbio zinazofanana zaidi na maisha ya Mbulu: majani, matope, vilima na upepo. Mashindano ya dunia ya nyika yalianza mwaka 1973 huko Waregem, Ubelgiji. Mwaka 1991 mjini Antwerp Mtanzania Andrew Sambu alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio hizo. Ushindi wa timu hupatikana kwa kujumlisha nafasi. Wa kwanza ana pointi 1, wa kumi ana pointi 10, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Zamani timu ya wanaume ilihesabiwa kwa watu sita. Siku hizi wanahesabiwa wanne tu.

Utasema, sita au wanne, kuna tofauti gani? Chukua mfano wa kubuni. Tuseme shule za Mbulu na shule za Hanang zinashindana, pamoja na timu nyingine kadhaa. Mbulu wanashika nafasi ya 1, ya 2, ya 9 na ya 20. Jumla 32. Hanang wanashika nafasi ya 4, 6, 7 na 8. Jumla 25. Kwa hesabu ya watu wanne Hanang wameshinda, ingawa mkimbiaji wa kwanza na wa pili wote ni wa Mbulu. Sasa ongeza wawili wawili. Mbulu wanaleta wa 21 na wa 22. Jumla yao inakuwa 75. Hanang wanaleta wa 30 na wa 31. Jumla yao inakuwa 86. Kwa hesabu ya watu sita, mshindi ni Mbulu. Mbio ni zile zile, jasho ni lile lile, hakuna aliyeongeza hatua hata moja. Mshindi amebadilika kwa sababu ya kanuni tu.

Hesabu ya watu sita ilizipendelea nchi na wilaya zenye wakimbiaji wengi wa wastani mzuri. Ndiyo maana Kenya walilibeba kombe la timu ya wanaume mara 18 mfululizo, kuanzia mwaka 1986 hadi 2003, hadi Ethiopia walipowapokonya mwaka 2004. Hesabu ya watu wanne inaipunguzia mzigo nchi yenye mfuko mwembamba. Kwetu sisi ni nafuu: wanne wazuri kutoka nyanda za juu za Manyara tunaweza kuwapata.

Lakini nyika yenyewe imetikiswa mno. Mwaka 1998 iliongezwa mbio fupi, na baada ya mwaka 2006 ikafutwa. Mwaka 2007 mashindano yalifika Mombasa, katika joto ambalo wenyeji wenyewe walilisikia. Baada ya mwaka 2011 yakaacha kufanyika kila mwaka. Mwaka 2017, yalipofanyika Kampala, wanawake waliongezewa umbali wakakimbia kilometa 10 sawa na wanaume, jambo la haki kabisa, na zikaanzishwa mbio za kupokezana za wanaume na wanawake pamoja. Kwa kijana wa miaka 18, kutofanyika kila mwaka si jambo dogo. Akiugua malaria mwaka wa mashindano, atakaporudi tena umri wa vijana umekwisha pita.

Mlango wa pili ni kiwango cha kufuzu. Zamani, katika marathoni ya Olimpiki, kila nchi iliweza kupeleka watu wake hadi watatu, na chama cha nchi ndicho kilichoamua nani aende. Akhwari alikwenda Mexico namna hiyo. Habari yake inajulikana: alianguka njiani, akaumia goti na bega, akaendelea hivyo hivyo akiwa amefungwa bandeji, akafika uwanjani kukiwa na giza, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walimaliza watu 57, naye alikuwa wa 57. Dunia imewasahau wengi waliomtangulia, yeye haijamsahau. Wala msidhani alikuwa mkimbiaji hafifu. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5.

Leo tazama ngazi ilivyopanda. Kwa Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mwanamume alitakiwa awe amekimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 19. Kwa Olimpiki ya Tokyo kiwango kikawa saa 2, dakika 11 na nusu. Kwa Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kikawa saa 2, dakika 8 na sekunde 10. Katika Olimpiki mbili tu zimekatwa karibu dakika 11. Akhwari wa Edinburgh, mtu wa tano katika Jumuiya nzima ya Madola, kwa kiwango hicho asingevuka.

Na hapa kuna kichekesho ambacho kila kocha angekibandika ukutani. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia, Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu katika mashindano hayo. Alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe, kwa sekunde 0.03, picha ndiyo iliyoamua. Wakati wake ulikuwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kiwango cha kufuzu kwa mashindano hayo hayo kilikuwa saa 2, dakika 6 na nusu. Maana yake ni kwamba muda uliompa Simbu ubingwa wa dunia usingemruhusu kuingia kwenye mbio alizoshinda! Bahati njema, Simbu ana mbio nyingine za kasi zaidi. Lakini fundisho linabaki: mbio za ubingwa hukimbiwa kwa akili, katika joto, watu wakiviziana, mbio za kufuzu hukimbiwa katika miji ya baridi, kwenye barabara tambarare, nyuma ya watu wanaolipwa kuongoza kasi. Ni kazi mbili tofauti, na kijana wetu anatakiwa aifanye moja kwanza ndipo aruhusiwe kuifanya ya pili.

Miji hiyo ya baridi ni Valencia, Berlin na mingineyo. Huko kuna tiketi ya ndege, viza na mialiko. Kuna pia viatu vya kisasa vyenye soli nene na kibao kigumu ndani yake, ambavyo Shirikisho la Riadha Duniani liliviwekea mpaka mwaka 2020, soli isizidi milimita 40 katika mbio za barabarani. Yule aliyezoea kukimbia na raba za mtumba anapimwa kwa saa moja na yule mwenye viatu hivyo.

Mlango wa tatu ndio mgumu kuuona, nao ni orodha ya ubora ya dunia. Orodha hii ilianza kutumika mwaka 2019. Kuanzia Olimpiki ya Tokyo, wasiofikia kiwango cha kufuzu wanaweza kuingia kwa kupangwa kwa pointi, hadi nafasi zijae. Pointi hizo zina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni muda wako, unaogeuzwa kuwa pointi kwa kutumia majedwali maalumu, ambayo asili yake ni kazi ya mtaalamu wa takwimu Bojidar Spiriev tangu miaka ya 1980. Kipande cha pili ni nafasi uliyoshika, lakini nafasi hiyo ina thamani kulingana na daraja la mashindano. Olimpiki na mashindano ya dunia yako juu kabisa, kisha madaraja yanashuka moja baada ya jingine. Kwa mbio nyingi za uwanjani huchukuliwa wastani wa mashindano matano. Kwa marathoni, mawili.

Sasa tuone maana yake kwa binti wa Haydom. Tuseme ameshinda mbio za sikukuu huko kwao, mbele ya mkuu wa wilaya, akapewa kikombe na mbuzi. Kozi haikupimwa. Saa ilishikwa na mwalimu. Matokeo yameandikwa kwenye daftari, na daftari liko kabatini. Pointi zake ni ngapi? Hana hata moja. Katika macho ya orodha ya dunia, siku hiyo binti hakukimbia. Wakati huo huo binti mwingine, wa mji mdogo wa Ulaya, ameshika nafasi ya saba katika mbio zilizopimwa, zikaandikishwa, zikatumwa. Huyo ana pointi, na atazidi kupanda.

Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Hesabu hizi zilikuja kwa sababu. Olimpiki haiwezi kumpokea kila mtu. Marathoni ya Paris ilipangiwa nafasi 80 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Orodha ya pointi inamlazimisha nyota ashindane na wenzake mara kadhaa, badala ya kufuzu kwa mbio moja ya upepo mzuri kisha akajificha. Tena inapunguza uwezo wa kiongozi wa chama kumpeleka mpwa wake. Nani kati yetu anataka kurudi kwenye siku za kuteuana chini ya mwembe? Kipimo kilichoandikwa, hata kikiwa kigumu, unaweza kukisoma. Upendeleo hausomeki.

Na wapo waliokisoma wakafaulu. Geay nimekwisha mtaja. Magdalena Shauri mwaka 2023 alishika nafasi ya tatu mjini Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, rekodi ya taifa. Mwaka 2005 mjini Edmonton Fabiano Joseph wa Babati alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mlango mpya unapitika. Shida yangu ni kwamba unapitika kwa wachache, na kwa njia moja tu.

Angalia Paris. Tanzania ilipeleka wanariadha wanne, na wote wanne walikimbia marathoni. Uwanjani hatukuwa na mtu. Linganisha na Moscow mwaka 1980: Bayi alichukua fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akachukua fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali mbili tu za Olimpiki ambazo nchi hii imepata hadi Paris, na zote ni za uwanjani. Shahanga naye alishinda kote kuwili, barabarani na uwanjani. Kwa nini tumehama uwanja? Kwa sababu barabarani kuna zawadi za fedha, kuna mawakala, kuna mbio kila wiki mahali fulani duniani, na kwa marathoni unahitaji matokeo mawili tu. Katika mbio nyingi za uwanjani unahitaji matano, na mialiko mitano. Kijana wa miaka 20 anapiga hesabu yake, nayo ni sahihi: anaruka mita 5,000 na kwenda moja kwa moja kwenye marathoni, kabla mifupa haijakomaa wala kasi haijajengeka. Wengi wanavuna mbichi.

Kuitegemea njia moja kuna hatari nyingine. Michezo ya Jumuiya ya Madola imetulea. Dhahabu ya marathoni ilikuja na Shahanga mwaka 1978, ikaja na Francis Naali mwaka 2002 mjini Manchester, ikaja na Samson Ramadhani mwaka 2006 mjini Melbourne. Mwaka 2022 mjini Birmingham Simbu alileta fedha. Basi, mpango wa michezo ya Glasgow ya mwaka 2026 uliwekwa bila marathoni kabisa, ili kupunguza gharama. Badala ya mita 1,500 ikawekwa maili moja. Msikilizaji, maili! Mwaka 1975 mjini Kingston, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili, dakika 3 na sekunde 51. Mbio zetu za leo zimeondolewa, mbio zetu za jana zimerudishwa, na sisi za jana tulikwisha zitupa. Aliyeweka mayai yote katika kapu moja ajue kwamba kapu si lake.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

La kwanza, tupime njia. Kozi ya barabarani hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mtu mwenye cheti cha upimaji. Kozi moja ya kilometa 10 iliyopimwa barabara, Katesh au Mbulu mjini, ikiandikishwa na kukimbiwa kila mwaka tarehe inayojulikana, ina faida kuliko mabonanza kumi ya fulana na ngoma. Matokeo yatumwe kunakohusika, yasilale kabatini.

La pili, tuyape uzito mashindano ya taifa. Katika madaraja ya orodha ya dunia, ubingwa wa taifa wa kila nchi umepewa nafasi ya heshima, juu ya mashindano mengi ya kawaida. Hizo ni pointi zilizo mlangoni kwetu. Lakini zinapatikana pale tu mashindano yanapofanyika kwa taratibu zinazotakiwa, kwa saa za kuaminika, kwa waamuzi wanaotambuliwa, na kwa tarehe isiyohamishwa wiki moja kabla. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam una njia ya kukimbilia. Kumleta kijana kutoka Hanang hadi Dar es Salaam kuna gharama, kweli. Lakini ni ndogo kuliko ya kumpeleka Valencia kutafuta pointi zile zile.

La tatu, turudishe nyika shuleni, na tuihesabu kwa timu. Katika UMITASHUMTA na UMISSETA watoto wakimbie nyika, na mwalimu ajumlishe nafasi za wanne wa kwanza kama nilivyoeleza. Faida yake ni kubwa kuliko kikombe. Mtoto wa nafasi ya 20 atajua kwamba nafasi yake inahesabiwa, na kwamba akimpita mmoja mbele yake ameiokoa timu pointi moja. Hataacha mbio kwa kuwa hakushinda. Na wakimbiaji wa dunia hutoka mara nyingi miongoni mwa wale ambao hawakuacha.

La nne, makocha na walimu wafundishwe kusoma kanuni. Leo hakuna aibu kwa kocha kujua namna ya kunyoosha msuli na kutojua kiwango cha kufuzu cha mwaka ujao. Inafaa iwe aibu. Kanuni hizi si siri, zimechapishwa. Zitafsiriwe kwa Kiswahili rahisi, zibandikwe katika ofisi za michezo za wilaya, na zisomwe redioni. Kijana wa Endasak ana haki ya kujua mapema atapimwa kwa nini, kama mwanafunzi anavyojua mtihani wake una masomo gani.

Ndugu msikilizaji, watu wa kuteleza barafuni walipobadilishiwa kipimo hawakukaa wakililia ile 6 yao. Walijifunza thamani ya kila mruko, wakaanza upya. Sisi kipimo chetu kimebadilishwa kwa upole zaidi, na bado mwishoni mwa kila mbio kuna mstari, na bado anayeuvuka kwanza ndiye mshindi. Simbu alituonyesha hivyo kwa sekunde 0.03. Ila ili uuvuke mstari huo lazima kwanza uruhusiwe kusimama penye mstari mwingine, ule wa kuanzia. Zamani mstari huo ulichorwa na chama cha riadha na mwalimu wa shule. Leo unachorwa kwa majedwali. Vijana wa Mbulu na Hanang wanayo miguu, pumzi na vilima. Wanachokosa ni mtu wa kuziandika mbio zao kwenye karatasi inayotambulika, na kazi hiyo si ya mkimbiaji. Ni yetu.

Hadi juma lijalo, nakutakia siku njema.